Usiamini Namba Peke Yake: Habari za Kihisi cha Sukari Kazini

(Hotuba ya Mjumbe wa Usalama Kazini mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Tumeipiga chapa kwa faida ya ndugu waliokuwa zamu siku hiyo. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzio.)



Najua wengi wenu mmekuja kusikia habari za mapatano ya mishahara, na hayo Katibu atawaeleza baada yangu. Lakini Kamati imeniagiza niseme kwanza juu ya jambo ambalo limeleta mashauri mawili mbele yake. Jambo lenyewe ni kile kidude cheupe cha mviringo ambacho wenzetu wenye ugonjwa wa kisukari hukibandika nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Wengine hukiita chipu, wengine hukiita kifungo. Mimi nitakiita kihisi, maana kazi yake ni kuhisi sukari iliyo mwilini na kupeleka habari kwenye simu.

Mtu aweza kuuliza: chama cha wafanya kazi kina shauri gani na kidude cha hospitali? Jibu ni rahisi. Mtu akipoteza kazi, au kidole, au maisha, kwa sababu ya namba iliyoonekana katika simu wakati yuko kazini, basi jambo hilo ni la chama.

Sikilizeni mashauri hayo mawili. Sitataja majina ya wenzetu wala mahali pao pa kazi, kwa kuwa mazungumzo na wakubwa hayajakwisha.

La kwanza ni la ndugu mmoja wa zamu ya usiku. Wakati wa mapumziko alijilaza juu ya magunia, na mkono wenye kihisi ukawa chini yake. Hazikupita dakika 20, simu ikapiga kelele: sukari 2.8. Msimamizi akaja mbio akamwambia, “Wewe u mgonjwa. Toka, na usirudi mpaka ulete barua ya daktari.” Ndugu huyo alikosa mshahara wa siku 4. Lakini kabla hajavuka geti alitoboa kidole akapima damu yake kwa mashini ya mfukoni. Ilikuwa 6.4. Hakuwa na neno lo lote.

La pili ni la dada yetu wa idara ya kufungasha. Huyu alitokwa na jasho jembamba, mikono ikatetemeka hata akashindwa kufunga katoni. Msimamizi akaitazama simu yake akaona 5.3, akasema, “Simu yasema u mzima. Acha uvivu.” Bahati njema, mwenzake wa meza moja alimvuta pembeni, wakapima kidole. Ilikuwa 3.2. Akapewa soda, akapata nafuu. Yule dada hufanya kazi karibu na kisu cha kukatia mabati. Fikirini wenyewe yale ambayo yangeweza kutokea.

Basi, mmoja alitolewa kazini kwa namba mbaya isiyo kweli, na mwingine alilazimishwa kuendelea na kazi kwa namba nzuri isiyo kweli. Wote wawili walihukumiwa na simu, na hakuna aliyewauliza wao wenyewe.

KIDUDE HIKI HUFANYA KAZI NAMNA GANI

Yafaa tujue chombo hiki vizuri kabla ya kukisifu au kukilaumu. Chini ya kile kidude kuna uzi mwembamba kama unywele ambao huingia chini ya ngozi kidogo tu, kiasi cha milimita chache. Uzi huo hauingii katika mshipa wa damu. Hukaa katika majimaji yaliyo kati ya chembe za mwili. Umepakwa kimeng'enya ambacho kikikutana na sukari hufanya umeme mdogo sana utokee. Kihisi huupima umeme huo na kuugeuza kuwa namba.

Maarifa haya si ya jana. Mwaka wa 1962 wataalamu wawili wa Marekani, Leland Clark na Champ Lyons, walieleza jinsi kimeng'enya kiwezavyo kutumiwa kupima sukari kwa umeme. Mwaka wa 1999 serikali ya Marekani ilikubali kihisi cha kwanza cha kuvaliwa. Hicho kilikaa mwilini siku 3 tu, na mgonjwa hakuona namba. Daktari ndiye aliyezisoma baadaye. Siku hizi aina nyingine hukaa siku 10, nyingine siku 14 au 15, na namba huonekana papo hapo.

Sasa shikeni neno moja, maana ndilo mzizi wa mambo mengi: kihisi hakipimi damu. Sukari hupanda na kushuka katika damu kwanza, ndipo baadaye mabadiliko hayo hufika katika majimaji ya chini ya ngozi. Ni kama mvua ya milimani. Mto hujaa kwanza, na shamba la kando huloa baadaye. Ucheleweshaji huo huwa kama dakika 5 hadi 10, na mara nyingine hufika 15. Mtu akiwa ametulia, na sukari yake imetulia, hapana dhara. Lakini mtu anayebeba mizigo, au aliyechoma insulini akakosa kula kwa sababu lori limefika, sukari yake yaweza kuanguka upesi sana. Hapo simu huonyesha hali ya dakika 10 zilizopita. Ndiyo sababu dada yetu alionyeshwa 5.3 na hali damu yake imekwisha shuka.

Sisemi watu wavitupe vihisi vyao. Hapana. Kidude hiki kimewaepusha watu kutoboa vidole mara nyingi kwa siku, huwaamsha usiku sukari inaposhuka, na mshale wake huonyesha kama sukari inapanda au inashuka. Vihisi vizuri vya siku hizi hutofautiana na damu kwa wastani wa asilimia 8 hadi 10. Lakini huo ni wastani. Siku moja tofauti ni ndogo, siku nyingine ni kubwa. Na ajali hutokea siku ile ambayo ni kubwa.

SABABU ZA NAMBA KUPOTEA

Nimezikusanya sababu nane. Mwenye kisukari azijue, na mwenzake wa zamu azijue pia.

1. Siku ya kwanza. Kihisi kikibandikwa huhitaji muda kabla ya kuanza kutoa namba. Aina nyingine huchukua nusu saa, nyingine saa moja, nyingine saa mbili. Hata baada ya hapo, saa 24 za kwanza huwa na makosa mengi kuliko siku zinazofuata, maana mwili umejeruhiwa kidogo na haujatulia. Kwa hiyo, ukiweza, badilisha kihisi siku ya mapumziko, wala usikibandike asubuhi ile ile unayopanda kwenye winchi.

2. Kulaliwa. Mtu akiulalia mkono wenye kihisi, au akiubana kwa muda mrefu, majimaji hayapiti vizuri mahali pale, na namba huanguka ingawa damu ni nzima. Hii yawapata hasa wale wa zamu za usiku, madereva wa malori ya masafa na utingo wao wanaolala ndani ya gari. Ukigeuka, namba hurudi yenyewe baada ya muda mfupi.

3. Sukari inayokwenda mbio. Hiyo nimekwisha ieleza. Mshale ukielekea juu au chini, jua kwamba namba iko nyuma ya damu.

4. Dawa. Vitamini C ikizidi miligramu 500 kwa siku huweza kukifanya kihisi cha aina fulani kionyeshe sukari ya juu kuliko ilivyo. Tunao wenzetu wanaomeza vidonge hivyo kila wanaposhikwa na mafua. Haidroksiurea, dawa ambayo hupewa wenye ugonjwa wa selimundu, huweza pia kupandisha namba ya uongo katika aina nyingine. Panado iliziharibu namba za vihisi vya zamani. Aina kadhaa za siku hizi huvumilia hadi gramu 1 kila saa 6. Kila aina ina masharti yake, kwa hiyo soma ile karatasi iliyo ndani ya boksi, au mpe mwenye duka la dawa akusomee.

5. Jasho na kung'oka. Kazi ya tanuru, ya bandarini, ya dobi, yatoa jasho. Gundi hulegea, uzi hutoka nusu. Kihisi kilichoning'inia huendelea kutoa namba, lakini namba hizo si za kutegemewa. Safisha ngozi na uikaushe vizuri kabla ya kubandika, wala usipake mafuta mahali hapo.

6. Simu iliyo mbali. Kihisi hupeleka habari kwa mawimbi ya redio yasiyofika mbali, mita chache tu. Katika viwanda vingi simu hufungiwa kabatini au huachwa getini. Hapo kengele ya hatari hulia kabatini, mwenyewe yuko kwenye mashini. Tena vihisi vya aina nyingine huhifadhi habari za saa 8 tu, na zamu ya saa 12 huacha pengo.

7. Joto na umri. Kihisi kilichokaa juu ya dashibodi ya gari lililoanikwa juani huharibika kabla hakijavaliwa. Kila boksi lina tarehe ya mwisho na kipimo cha joto la kuhifadhia. Anayenunua barabarani, pasipo boksi, hawezi kujua kimepitia wapi.

8. Kosa la kiwandani. Msidhani kwamba mwenye kihisi ndiye mkosa siku zote. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2025 kampuni ya Abbott ya Marekani ilitangaza kwamba baadhi ya vihisi vyake vya Libre 3 na Libre 3 Plus vilionyesha sukari ya chini isiyo kweli. Kosa lilitokea katika mstari mmoja wa utengenezaji. Katika Marekani peke yake vihisi vilivyohusika vilikuwa kama milioni 3. Kampuni yenyewe ilisema imepokea habari za matukio 736 ya madhara makubwa duniani, na vifo 7, ambavyo huenda vilihusiana na kosa hilo. Mwaka wa 2024 kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeonya juu ya vihisi vichache vya Libre 3 vilivyofanya kinyume, yaani kuonyesha sukari ya juu isiyo kweli.

Mwanachama mmoja aliniuliza, “Namba ya chini ya uongo yaweza kumwua mtu namna gani, ikiwa damu yake haikushuka?” Swali zuri. Mtu akionyeshwa kila saa kwamba sukari yake iko chini, hula vitu vitamu ili aipandishe, na huacha kuchoma insulini yake. Akifanya hivyo siku nzima au mbili, sukari hupanda sana, damu ikachachuka kwa asidi. Dalili zake ni kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kuumwa na tumbo, kutapika, na kupumua kwa nguvu. Mwenye dalili hizo aende hospitali mara moja, hata kama simu inasema sukari iko chini.

Hapa niongeze neno juu ya saa na pete zinazouzwa kwamba hupima sukari bila kutoboa ngozi. Tarehe 21 Februari 2024 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliwaonya watu wasizitumie, ikasema haijaidhinisha hata moja ya namna hiyo. Usiweke maisha yako mikononi mwa saa ya mtaani.

LA KUFANYA

Sasa tuje kwenye matendo. Namba na mwili vikipingana, amini mwili kwanza, kisha toboa kidole. Nitaeleza kwa utaratibu.

Kwanza, ukihisi njaa ya ghafla, jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, au akili kuvurugika, simamisha mashini. Kaa mahali salama. Usimalize “hiki kimoja tu”.

Pili, nawa mikono kwa sabuni na maji, kausha, kisha toboa kidole upime. Kunawa si adabu tu. Mtu aliyemenya nanasi au aliyeshika sukari guru, ile sukari iliyo kidoleni huingia katika tone la damu na kutoa namba ya juu ya uongo. Spiriti peke yake haiiondoi vizuri. Wenzetu wa viwanda vya sukari na vya matunda, sikilizeni hasa hapo. Chupa ya stripu nayo ifungwe kila mara, maana unyevu huziharibu.

Tatu, ikiwa huna mashini ya damu, au mikono inatetemeka hata huwezi kupima, kula sukari kwanza. Vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika maji, au nusu gilasi ya soda ya kawaida, isiyo ile ya “bila sukari”. Hiyo ni kama gramu 15. Ngoja dakika 15, kisha pima tena. Ikiwa bado iko chini ya 3.9, rudia. Na hapa wengi hukosea: baada ya kula sukari wao hutazama kihisi, ambacho bado kinaonyesha chini kwa sababu ya kuchelewa kwake, wakanywa soda ya pili na ya tatu. Baada ya saa moja wako 16 au 18. Katika dakika hizo tumia kidole.

Nne, mwenzako akizimia, usimtie kitu cho chote kinywani. Mlaze ubavu, mwite mtu wa huduma ya kwanza, apelekwe hospitali upesi.

Tano, jua tofauti ipi ni ya kawaida na ipi ni ya kasoro. Kipimo cha kukumbuka ni hiki. Ikiwa kidole chaonyesha zaidi ya 4.4, kihisi kisitofautiane nacho kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Kidole kikiwa 10, kihisi chaweza kusema 8 au 12, na bado ni kizima. Ikiwa kidole ni 4.4 au chini yake, tofauti isizidi 1.1. Linganisha wakati mshale umelala, yaani sukari imetulia. Ukiona tofauti kubwa, ngoja nusu saa, nawa mikono, ulinganishe tena. Ikiwa tofauti inabaki, kihisi hicho usikitegemee. Na usichome insulini kwa namba unayoitilia shaka.

Sita, andika. Daftari la shilingi chache latosha: tarehe, saa, namba ya kihisi, namba ya kidole, na ulilokuwa ukifanya. Tunza boksi lenye namba za kutambulisha kihisi. Ukiwa na maandishi, muuzaji hawezi kukuambia kwamba waota, na msimamizi hawezi kukuambia kwamba wasingizia. Tena Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya hupokea taarifa za vyombo vya matibabu vyenye kasoro. Mtu mmoja akinung'unika chini ya mwembe hasikiki. Taarifa zikiwa nyingi, zitasikika.

Saba, usitupe mashini yako ya kidole. Kihisi ni ghali, na aliyekwisha lipa huona uchungu kununua na stripu tena. Lakini aliyebaki na kihisi peke yake ni kama mtu mwenye shahidi mmoja tu. Na sindano ya kutobolea, ndugu zangu, haiazimwi. Hata kwa ndugu wa tumbo moja, haiazimwi. Ugonjwa wa ini na UKIMWI huweza kupita hapo.

Kwa wale wanaoogopa bila sababu niseme pia: hatari ya sukari kushuka huwapata hasa wanaochoma insulini, na wanaomeza vidonge kama glibenklamaidi. Anayetumia metformini peke yake ni nadra kushukiwa. Muulize daktari wako uko katika kundi gani.

KAZI YA CHAMA

Hayo ni ya mtu mmoja mmoja. Lakini hayatatosha ikiwa mahali pa kazi hapampi mtu dakika tano za kutoboa kidole. Wakubwa wengine husema mwenye kisukari ni mzigo, na afadhali kumwachisha mapema. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa sababu ya kutojiweza kimwili hana budi kwanza kumweleza sababu hiyo kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanya kazi mwenziwe au mwakilishi wa chama aliyemchagua, na kumsikiliza. Kengele ya simu si maelezo, wala si cheti cha daktari. Na kifungu cha 30 cha Sheria hiyo champa mtu aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo likizo ya ugonjwa, akileta cheti: isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12.

Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 yahesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti. Kwa hiyo msimamizi hana ruhusa ya kunyakua simu ya mtu na kusoma sukari yake kama asomavyo kadi ya mahudhurio. Ukipenda kumwonyesha mwenzako kwa usalama wako, hiyo ni hiari yako, na ni busara. Kulazimishwa ni jambo jingine.

Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 yataka kila mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Wajumbe wetu wamo katika kamati hizo. Wasikae kimya huko wakinywa chai.

Basi Kamati yaleta mbele yenu maombi haya matano, ili mkiyakubali yaingizwe katika mazungumzo na waajiri:

(a) Mfanya kazi mwenye kisukari aruhusiwe kusimamisha kazi kwa muda wa kupima kidole na kula, pasipo kukatwa mshahara, wakati wo wote anapoona dalili au kihisi chake kinapolia.

(b) Asiondolewe kazini wala asirudishwe kwenye mashini kwa namba ya kihisi peke yake. Kwanza damu ya kidole, na maneno yake mwenyewe.

(c) Kila boksi la huduma ya kwanza liwe na sukari, pamoja na mashini ya damu, stripu ambazo hazijapita tarehe, na sindano za kutumiwa mara moja na kutupwa. Mashini isafishwe kwa dawa kila baada ya mtu kuitumia.

(d) Mwenye kihisi aruhusiwe kukaa na simu yake au kisomaji chake kwa ajili ya kengele tu. Mahali penye petroli au gesi, ambapo simu ni hatari kweli kweli, apewe nafasi ya kutoka kupima kwa saa zilizopangwa.

(e) Wasimamizi na watu wa huduma ya kwanza wa kila zamu wafundishwe dalili za sukari kushuka na kupanda. Hasa zamu ya usiku, maana usiku zahanati imefungwa na mkubwa yuko nyumbani amelala.

Maombi haya si ya gharama kubwa. Kilo moja ya sukari haifilisi kampuni. Dakika 15 za mashini iliyosimama ni chache kuliko siku nzima ya mashini iliyosimama kwa sababu damu ya mtu iko juu yake. Ikiwa mwajiri atasema ni wachache tu wenye ugonjwa huu, mwambieni kwamba wengi wanao na hawasemi, kwa kuogopa kufukuzwa.

Na kwenu ninyi mnaouficha, nasema kwa upole. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Mwambie angalau mtu mmoja wa zamu yako unayemwamini. Mwonyeshe mahali unapoweka sukari yako. Mwambie, “Ukiniona nasema ovyo, au nagombana bila sababu, usinicheke na usidhani nimelewa. Nipe hii, kisha unitoboe kidole.” Hiyo ndiyo kazi ya mwenzako wa zamu, na hakuna kihisi kinachoweza kuifanya badala yake.

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha sema. Naomba maombi hayo matano yasomwe tena na Katibu, moja moja, na wanachama wapige kura kwa kuinua mikono. Wenye maswali juu ya mashini zao waje nayo kesho saa ya chakula, tutazitazama pamoja.